Jumapili asubuhi ndiyo siku ya kugombana kwa kila nyumba ya wakristo au ni kwetu tu?

MamaPendo_Tororo
Habari za jioni wanajamvi. Nisaidieni maana nimechoka kuliwaza hili jambo peke yangu. Mimi na mzee wangu tumefunga ndoa kanisani, pete, cheti, kila kitu, na Jumatatu mpaka Jumamosi tunaishi vizuri tu, anatoka kazini tunakula, tunaomba na watoto, tunalala. Lakini Jumapili asubuhi banange! Kuanzia saa kumi na mbili nyumba inawaka. Jana ilikuwa soksi. Soksi za mtoto, moja iko moja haiko, yeye yuko nje amevaa koti tayari anapiga honi ya pikipiki kama nimemkodi, na mimi niko ndani mtoto mmoja ana sabuni machoni, mwingine amemwaga chai kwenye gauni, yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha na pasi bado baridi. Nikatoka nikamwambia maneno ambayo hata hapa siyaandiki. Naye akajibu. Tukapanda pikipiki wote kimya, kufika getini "Bwana asifiwe", "Amina", meno yote nje. Yeye ni mhudumu wa kukaribisha watu mlangoni, anawapa tabasamu ambalo mimi sijaliona tangu Ijumaa.
Mama mkubwa anasema ni shetani anatuzuilia baraka. Sijakataa, ila najiuliza ni shetani gani huyu anayejua ratiba hivi. Kwenu ikoje?

Bodaman_Malaba
Mama Pendo karibu chamani. Mimi Jumapili nabeba watu wa kanisa tangu saa moja, wa misa, wa ibada, wa mahema, wote, na hakuna abiria wakimya kama mume na mke wanaoenda kusali. Wakifungua mdomo ni "si nilikwambia". Kuna mmoja hapa mjini mume namchukua safari ya kwanza, mke na watoto safari ya pili, huyo mke ananisimulia yote njiani mpaka naona aibu kudai pesa yangu.
Sababu ni moja tu. Mwanaume anavaa dakika kumi halafu anaanza kusubiri. Kusubiri ndiko kunaharibu.

DadaRose_Jinja
@Bodaman hizo dakika kumi ndizo ugonjwa wenyewe. Anavaa dakika kumi kwa sababu shati limepigwa pasi na nani? Viatu vimepakwa rangi na nani? Hebu tuongee wazi. Kwangu Jumapili naamka saa kumi na moja nawasha sigiri, maji ya kuogesha watoto, chai, nyama naibandika kabisa ichemke maana tukirudi saa nane wageni wako mlangoni (Jumapili ni siku ya wageni na mnajua hawapigi simu), naogesha watatu, nafunga nywele za yule aliyezifumua usiku akiwa usingizini, halafu ndipo nakumbuka na mimi nina mwili wa kuoga. Mwenzangu anaoga, anavaa, anachukua Biblia, anasimama mlangoni anaangalia saa. Tena njiani ananiuliza kwa upole kabisa, "hivi kwa nini kila wiki tunachelewa?" Shetani wa watu msimsingizie.

Mlokole_Lira
Bwana asifiwe wapendwa. Msilifanyie mzaha hili jambo, Waefeso 6:12 inasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Safari ya kwenda mbele za Mungu lazima iwe na upinzani. Mtu akienda baa Jumamosi humsikii akigombana na mkewe njiani. Siku hizi walokole ndio wengi hapa Uganda na nyumba zetu tumejifunza, Jumamosi usiku tunakesha kidogo katika maombi, asubuhi ni amani tupu.

Bodaman_Malaba
Wa baa hagombani akienda. Anagombana akirudi. Nawabeba hao pia.

Mwalimu_Mbale
Mlokole nakusalimu, ila hapo pa "ndio wengi" tusidanganyane. Sensa ya 2014 Wakatoliki walikuwa asilimia 39 na kitu, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, walokole 11. Ukubwa wa spika usikuchanganye.
Sasa kwenye mada. Nashangaa mmefika posti ya sita hakuna aliyetaja pesa. Kwangu ugomvi wa Jumapili unazaliwa Jumamosi jioni, mke anapouliza "sadaka iko?" Si sadaka moja. Kuna ya kawaida, kuna bahasha ya ujenzi, kuna ya mgeni aliyealikwa kuhubiri, na watoto kila mmoja anataka sarafu yake ya kutumbukiza kwenye shule ya Jumapili, ukiwapa noti moja ya elfu wagawane ni vita nyingine. Halafu kuna zaka. Mimi natoa ya mshahara, hiyo hesabu yake ni rahisi. Mama watoto ana duka la rejareja na yeye anatoa fungu la kumi la MAUZO. Mauzo jamani, sio faida! Nikamwambia mama, sukari unapata faida ndogo hivi halafu unatoa kumi ya bei nzima, wewe unamfanyia Mungu kazi bure na sisi tunakula imani. Aliniangalia kama mpinga Kristo. Hiyo ilikuwa saa mbili usiku, asubuhi tulipoamka ilikuwa inatusubiri hapo hapo kitandani.

Mlokole_Lira
Malaki 3:10 mwalimu. Leteni zaka KAMILI ghalani.

Mwalimu_Mbale
Na Kumbukumbu la Torati 14:22 inataja maongeo ya mbegu zako, maana yake kilichoongezeka. Gunia la muuzaji wa jumla ambalo bado unadaiwa halijaongezeka popote.

DadaRose_Jinja
Mwalimu, duka la mkeo liko wapi? Nataka kukopa kwake. Mtu asiyehesabu faida lazima ana huruma 😂

MzeeWaBombo
Assalaam alaykum, mimi Mnubi wa Bombo napita tu na popcorn zangu. Poleni sana. Sisi Ijumaa mwanaume anaoga anavaa kanzu anaenda zake msikitini, mama anabaki na amani yake. Hakuna soksi.

MamaPendo_Tororo
Mzee wa Bombo tuambie ukweli, na Ramadhani saa kumi na mbili jioni jikoni kwako kukoje?

MzeeWaBombo
Hayo tumwachie Mungu.

Kasese_Sabato
Hahaha. Wapendwa, nimesoma yote na naona mnalaumu Jumapili bila kosa. Sisi wasabato tunasali Jumamosi na Jumamosi asubuhi kwetu ni tulivu kabisa. Ugomvi wetu ni IJUMAA. Sabato inaanza jua likizama, jioni hata jioni, Walawi 23:32, na kabla ya hapo chakula cha kesho kiwe kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, nyumba imedekiwa, watoto wameoga, mkaa umeletwa. Na huku kwetu ikweta imepita katikati ya wilaya, jua halikuongezei muda, mwaka mzima linazama karibu na saa moja, huwezi kusema leo siku ni ndefu. Saa kumi na moja ya Ijumaa usipite karibu na nyumba yangu. Mke anauliza mkaa, mimi niko bado njiani kutoka shambani, maharage yamegoma kuiva. Jua likishazama tunaimba.
Kwa hiyo shetani wa Mlokole kama yupo basi anazunguka kwa zamu. Mimi naona tatizo ni saa yenye mwisho. Popote pana mwisho usiosogea watu watagombana.

Mlokole_Lira
Kasese umenisaidia bila kujua. Anayehamia siku ya ibada ya kila dhehebu ni nani kama si adui?

Mwalimu_Mbale
Hiyo haina jibu kwa kweli 😄 ukishaweka hivyo kila ushahidi ni wako.

AfandeWaArua
Mimi nasema yangu. Mimi ni mkatoliki, bibi yangu ni protestanti. Saa yetu haigongani, mimi naenda misa ya kwanza, yeye ibada ya saa tatu. Vita yetu ni watoto. Nani anabeba watoto? Nikibeba mimi, mama mkwe anapiga simu. Akibeba yeye, katekista ananiuliza mbele ya watu. Sisi tulioana kanisani kwangu, yeye mwenyewe aliweka sahihi kwamba watoto wote watakua wakatoliki, karatasi iko. Sasa anasema hakuweka sahihi. Karatasi imepotea wakati wa uhamisho kutoka barracks moja kwenda nyingine. Kila Jumapili mtoto mmoja anaenda huku wawili kule, kama kugawa mgao wa posho.

Katekista_Soroti
Afande samahani nakurekebisha kidogo. Kama mlifunga ndoa baada ya Sheria mpya za Kanisa za 1983, basi mwenye kuahidi ni wewe mkatoliki peke yako, kanuni 1125, unaahidi kufanya lote unaloweza watoto wabatizwe na walelewe katika Kanisa Katoliki. Mwenzako anajulishwa tu ahadi yako. Zamani chini ya sheria za 1917 ndiyo wote wawili walikuwa wanaahidi. Kwa hiyo mama anaweza kuwa anasema kweli, sahihi ni yako.

AfandeWaArua
Katekista wewe usimwonyeshe mtu huyu uzi.

DadaRose_Jinja
😂😂😂 Afande ametafuta karatasi miaka yote kumbe inamshtaki yeye

Fundi_Iganga
Salaam. Mimi ni fundi wa nguo, naomba kuongezea kitu ambacho wanaume wa huu uzi hamkijui. Mnasema mwanamke anachelewa kuvaa. Anavaa NINI? Gomesi, gauni letu la heshima, ni kama mita sita za kitambaa. Ndani kuna kikoyi cha kushika umbo, kinafungwa kwanza, kikilegea nguo yote inashuka ukiwa kwenye mstari wa ushirika. Juu mabega lazima yasimame, pembeni vifungo viwili upande wa kushoto, halafu ukanda unafungwa chini ya kiuno, fundo lake lilale mbele, ncha zishuke sawa. Peke yako huwezi kufunga vizuri, unahitaji mikono ya mtu. Wakati huo mikono ya mtu iko nje kwenye honi.
Kwa wasiojua, jina limetoka kwa fundi Mgoa, Gomes, aliyekuwa akishonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Huyo Mgoa angejua atavunja ndoa ngapi Jumapili asubuhi angeshona tisheti.
Mimi wateja wangu nawaambia, mfundishe mume kufunga ukanda. Wawili watatu wamejaribu. Mmoja alirudi kuniambia mumewe sasa anafunga vizuri kuliko yeye lakini anamkosoa mpaka rangi ya viatu.

MamaPendo_Tororo
Fundi ubarikiwe. Na siku ya chama cha akina mama ni sare juu ya hayo yote. Chama chenyewe kilianza Namirembe na wanawake wa wamisionari, nadhani wao walikuwa na wafanyakazi wa kuwafungia.

Mwalimu_Mbale
Mama Pendo, Mothers' Union haikuanzia Namirembe. Ilianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi, huku ilikuja baadaye. Ila la wafanyakazi umepatia, nyumba ya kasisi wa wakati huo haikukosa wasichana wa kazi.

BintiKasangati
Nimekuwa msomaji tu ila leo naandika. Nyinyi mnagombana njiani mkienda, sisi tunagombana tukirudi. Mimi na mume wangu tulifanya kwanjula (sherehe ya kimila ya kutambulishana ukweni), wazazi wote walikuwepo, zawadi zilijaa pickup mbili, tuna mtoto. Pete bado. Kila Jumapili ya meza ya Bwana mhudumu anafika kwenye benchi letu, watu wanasimama wanapita mbele, mimi nakunja miguu wapite. Wote wanajua kwa nini nimebaki. Kuingia chama cha akina mama pia siwezi mpaka ndoa ya kanisani. Yeye anabaki amekaa kando yangu anasoma matangazo nyuma ya karatasi ya ibada, havimuumi. Tukitoka tu getini naanza. Ananijibu kila mwaka, "mwaka kesho". Anataka harusi yenye ukumbi na hema na keki na wafanyakazi wenzake wote, na vikao vya kuchangisha, mimi nataka kanisa tu na soda.

Bodaman_Malaba
Pole dada. Lakini pia kisheria bado hujaolewa basi, unaweza kumtisha kidogo.

Wakili_Mtaani
Bodaman acha kutoa ushauri wa sheria ukiwa unaendesha. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili Uganda, kuna sheria ya usajili wake tangu 1973. Mnatakiwa kwenda kuisajili gombolola (ofisi ya serikali ya eneo) ya mahali mlipofungia ndoa ndani ya miezi sita, na ukipitiliza bado ndoa ni ndoa. Binti ni mke wa mtu kabisa. Kanisa kukunyima ushirika ni utaratibu wa kanisa, hauhusiani na serikali. Dada kasajilini hiyo ndoa kwanza, cheti kitakusaidia siku ambayo keki haitakusaidia.

Bodaman_Malaba
Sawa wakili. Na akimuacha, baba yake si anarudisha ng'ombe?

Wakili_Mtaani
Mahakama ya Juu ilishasema 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Kulipa mahari hakukukatazwa, kurudisha ndiko kulikofutwa. Ile kesi ya MIFUMI, shirika la haki za wanawake, na hao watu wametoka hapo hapo Tororo kwa Mama Pendo.

Katekista_Soroti
Binti, kaongee na mchungaji wako mkiwa wawili. Makanisa mengi hapa nchini yanafungisha ndoa nyingi siku moja, matangazo yanasomwa Jumapili tatu mfululizo, siku ya siku mnaingia hata jozi kumi. Nimeona wazee wenye wajukuu wakifunga hivyo, bibi ameshika maua, watoto wake ndio wasimamizi.

BintiKasangati
Asante. Nimemtumia mume wangu hiyo, amejibu "tutaongea". Najua "tutaongea" maana yake.

Mzee_Kabale
Wajukuu hamjambo. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya balokole wa zamani, wa ule uamsho wenyewe, sio hawa wa keyboard na ngoma. Ulitoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kigezi, mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa hapa Kabale. Baba na mama walikuwa na desturi ya kutembea nuruni. Jumamosi jioni kabla ya kulala kila mtu anasema alichonacho moyoni. Mbele yetu watoto! Baba anasimama anasema, "mama fulani, Jumatano nilikukasirikia juu ya chumvi na sikukuambia." Mama anasema, "nami nilikuhesabia vibaya ulipompa ndugu yako mbuzi bila kuniuliza." Wanasameheana, wanaimba, tunalala. Jumapili tulitembea kilima kizima kwenda kanisani na sikumbuki kusikia ugomvi. Nyinyi wa leo mnaanza kusema ya Jumatano Jumapili saa moja asubuhi, mtoto akiwa na sabuni machoni. Mungu atawasikia saa ngapi?

Mlokole_Lira
Amina mzee. Wazungu walituletea moto mzuri sana tukauacha uzimike.

Mzee_Kabale
Mwanangu, si wazungu tu. Daktari Joe Church alikuja Namirembe mwaka 1929 amechoka, akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, ndiye wakakaa wakasoma Maandiko pamoja mpaka moto ukawashika wote wawili. Yule Mganda msimsahau.

DadaRose_Jinja
Mzee shikamoo. Nimependa sana ila nina swali kwa heshima. Hiyo Jumapili asubuhi nani alikuwa anachota maji?

Mzee_Kabale
Marahaba. Tulichota sisi watoto.

DadaRose_Jinja
Nyinyi watoto wangapi?

Mzee_Kabale
Tisa.

DadaRose_Jinja
Basi nimeelewa amani ilitoka wapi. Mimi nina watatu, mkubwa ana miaka saba, akichota anarudi na nusu jerikeni na kidonda.

Mwalimu_Mbale
Na pia tuulize, mama aliweza kweli kusema kila kitu? Kuna mambo mke hawezi kumwambia mume mbele ya watoto tisa. Nimekulia karibu na watu hao, wengine walikuwa wanatubu chumvi kwa sababu jambo lenyewe halitajiki.

Mzee_Kabale
Hilo sitakubishia. Lakini chumvi nayo ni kitu.

Fundi_Iganga
Naomba kurudi kwenye pesa maana mwalimu alianzisha akaacha. Kuna ugomvi mwingine mmeuruka, wa MNADA. Baada ya ibada, vile vitu watu wametoa kama sadaka, kuku, ndizi, fenesi, mayai, vinanadiwa pale nje. Mume wangu ni mtu wa hesabu wiki nzima, nikimwomba elfu tano ya uzi ananiuliza ya juzi iliisha vipi. Siku moja jogoo alianza elfu ishirini. Jirani yetu akasema thelathini. Mume wangu akasema arobaini. Mnadi alikuwa fundi wa maneno, "eh, mzee wa pale nyuma ananyamaza, labda mama ndiye mwenye pesa nyumbani!" Kanisa likacheka. Nilijua tumekwisha. Jogoo aliondoka kwa laki moja na nusu. Tulimbeba kwenye taxi amefungwa miguu, mimi sikuongea mpaka Jumatano.

Bodaman_Malaba
Laki na nusu?? Huyo jogoo alikuwa anasoma?

AfandeWaArua
Mlimla?

Fundi_Iganga
Anakataa achinjwe. Anasema ni wa Mungu. Yuko uani anakula mahindi yangu na anawika saa tisa usiku.

Mwalimu_Mbale
Mnada naunga mkono asilimia mia kama chanzo. Ile ni pesa ambayo haikuwa kwenye bajeti, na mke yuko sokoni kila siku anajua bei ya kuku vizuri kuliko mnadi. Wanaume pale hawanunui kuku.

Katekista_Soroti
Lakini mnada huo huo ndio umeezeka makanisa mengi vijijini, tusiuseme vibaya wote. Mwanamke mjane asiye na noti analeta mayai matatu na yeye ametoa.

DadaRose_Jinja
Hakuna aliyesema mayai ya mjane katekista. Tunasema jogoo wa laki na nusu.

Kasese_Sabato
Nimemuuliza mke wangu chanzo ni nini, kasema, "ni kwa sababu siku nyingine hauko nyumbani tugombane." Nimekaa nalo hilo. Wengi tunatoka alfajiri tunarudi usiku, wiki nzima hatuonani macho wazi. Siku ya ibada ndiyo mara ya kwanza wote tuko chumba kimoja tukiwa macho, basi madeni yote ya wiki yanadaiwa hapo.

MamaPendo_Tororo
Hii imenigusa, mzee wangu anarudi saa tatu usiku. Lakini mbona Jumamosi yuko nyumbani na hatugombani?

Bodaman_Malaba
Jumamosi yuko kwenye kibanda anaangalia mpira mama. Muulize.

Baba_Pendo
Wanajamvi habari zenu. Mimi ndiye mwenye honi. Nimejiunga leo baada ya kuona mke wangu anacheka na simu wiki nzima. Naomba na upande wa pili usikike. Mimi ni mhudumu, natakiwa kanisani kabla ya ibada, kupanga mabenchi, kutoa viti vya wazee, kufungua madirisha, na watu wa kwanza wanaingia saa moja na nusu. Nikichelewa naitwa kwenye kikao. Honi sio dharau, honi ni saa. Na nimewahi kupendekeza nitangulie peke yangu kwa pikipiki halafu niwarudie, nikaambiwa nawatupa. Nikisubiri nasumbua, nikitangulia nimewatupa. Wanaume wenzangu mnisaidie.

AfandeWaArua
Karibu sana komredi. Tuko wachache hapa.

DadaRose_Jinja
Karibu shemeji. Kabla ya madirisha ya kanisa, ukanda wa gomesi umeshawahi kufunga?

Baba_Pendo
Hilo nitalifikiria. Lakini jambo la soksi mmelipokea bila ushahidi. Soksi za watoto nani anazitunza?

MamaPendo_Tororo
Muulizeni kioo cha pikipiki Jumapili alfajiri alikifuta na nini.

Bodaman_Malaba
🤣🤣🤣🤣 Baba Pendo jibu

Mzee_Kabale
Tembea nuruni mwanangu.

Wakili_Mtaani
Mteja wangu atatumia haki yake ya kunyamaza.

Fundi_Iganga
Naona ameshaondoka hewani. Mama Pendo mwambie arudi, hatuna ubaya naye, na kama anataka jogoo wa kumwamsha mapema Jumapili mimi namuuza. Elfu arobaini tu, bei ya sokoni, sio ya kanisa.

Bodaman_Malaba
Thelathini nakuja kumchukua kesho.

Fundi_Iganga
Thelathini na tano na kamba bure. Mume wangu yuko safarini mpaka Jumatatu, njoo haraka.

Kasese_Sabato
Mwalimu ile hesabu yako ya sensa nina neno nayo, wasabato umeturuka, ila nitakujibu Jumapili. Ni saa kumi na moja na nusu, mkaa umefika umelowa na mke ameshaita majina yangu yote matatu.